Mada: Fomu ya lugha ya nyumbani (HLS) imemtia mwanangu ESL (vipindi vya kujifunza Kiingereza), nani anasaini kumtoa?

Kutoka: Mama Neema, Minnesota

Habarini za jioni wana-jukwaa, poleni na baridi.

Leo kwenye folda ya Ijumaa, katikati ya tangazo la maonyesho ya vitabu na karatasi ya maneno ya imla ya wiki ijayo, nimekuta barua ya wilaya. Binti yangu yuko grade 1, kazaliwa hapa hapa, Kiswahili chake ni "sitaki" na "naomba maji". Barua inasema yeye ni EL, yaani bado anajifunza Kiingereza, na mwezi huu atafanya ACCESS, mtihani wa Kiingereza. Kumbe tangu shule ifunguliwe anatolewa darasani kila Jumanne na Alhamisi kwenda ESL. Jumanne ndiyo siku yao ya maktaba! Nilikuwa nashangaa mbona wenzake wanabadilisha vitabu kila wiki na yeye begi lake tupu.

Nikapiga simu ofisi ya uandikishaji. Yule dada kafungua kompyuta, ananiambia nilijaza mwenyewe. Lugha ya kwanza ya mtoto: Kiingereza. Lugha inayosemwa nyumbani: Kiswahili. Ni kweli, nyumbani kuna bibi yake, alitaka bibi aongee Kijerumani? Nikaomba kubadilisha fomu, kasema HLS hujazwa mara moja tu. Basi kumtoa inakuwaje? Andika barua. Kwa nani? Mwalimu mkuu anasema wilaya, wilaya wanasema shule.

Swali langu ni hilo tu: barua ya kukataa ESL inasainiwa na nani, na nikishakataa atarudi maktaba? Natanguliza shukrani.

Kutoka: Baba Khalid, Texas

Pole dada. Usikubali kuzungushwa. Barua inakwenda LPAC, kamati ya shule inayopanga watoto wa ESL. Wakikaa kikao unasaini pale pale, habari imeisha. Na mtihani wenyewe unaitwa TELPAS, hiyo ACCESS sijui wameitoa wapi.

Ila tatizo limeanzia kwenye fomu. Mimi kwa mtoto wa kwanza niliandika ukweli, nikaona cha mtema kuni. Kwa wa pili nikaandika Kiingereza mistari yote, juu mpaka chini, na hakuna aliyeniuliza kitu. Enzi hizi ofisi za watu unazijibu kwa ufupi.

Kutoka: Mwl. Rehema, Massachusetts

Baba Khalid, LPAC na TELPAS ni mambo ya Texas. Mama Neema yuko Minnesota, jimbo la WIDA, umoja wa majimbo yenye mtihani wa ACCESS, kama sisi huku. Akifuata maelekezo yako atatafuta LPAC mpaka shule zifungwe. Tafadhalini, someni mtu yuko wapi kabla ya kumjibu. Hili nimeliomba hapa mpaka nimechoka.

Mama Neema, hawa watoto ndio kazi yangu ya kila siku, kwa hiyo nisikilize. HLS haimwingizi mtoto ESL, inasababisha apimwe tu. Kilichomwingiza ni alama za kipimo cha mwanzo alipoanza chekechea. Mtoto wa miaka mitano anakalishwa na mtu asiyemfahamu, anaonyeshwa picha, anaambiwa aeleze. Wengi wananyamaza, hata wanaoongea nyumbani bila kupumua, na kimya hakipewi alama. Omba matokeo ya kipimo hicho, kila sehemu peke yake, kama kusikiliza na kuongea. Tena hiyo barua ulitakiwa uipate ndani ya siku 30 tangu shule ifunguliwe, siyo leo Februari.

Kukataa unaruhusiwa, ni haki ya mzazi nchi nzima. Lakini ukikataa, anabaki EL kwenye kumbukumbu zao, na ACCESS ataifanya kila mwaka mpaka afikishe alama ya jimbo lenu. Anavaa hedifoni, anaongea na kompyuta, inamrekodi. Kwa hiyo unachofuta ni kile kipindi tu. Mimi ningeanza na ratiba. Mtoto wa ESL hastahili kunyimwa maktaba, muziki wala sayansi, na mwongozo wa serikali kuu wa Januari 2015 uko wazi kuhusu hilo.

Kutoka: Baba Khalid, Texas

Mwalimu, na wewe soma habari kabla ya kujibu. Mwongozo huo ulifutwa Agosti 2025. Na Machi ya mwaka huo huo Rais alishasaini amri kwamba Kiingereza ndiyo lugha rasmi. Ndiyo maana nasema, andika Kiingereza ulale.

Kutoka: Mwl. Rehema, Massachusetts

Mwongozo umefutwa, nakubali. Sheria haikufutwa. EEOA ya 1974, sheria ya fursa sawa za elimu, ipo. Hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani kwenye kesi ya Lau v. Nichols, mwaka huo huo 1974, ile ya watoto wa Kichina wa San Francisco waliokuwa wanakalishwa darasani bila kuelewa kitu, nayo ipo. Amri ya Rais haifuti sheria ya Bunge. Na kumfundisha mzazi adanganye kwenye fomu ya shule siyo ushauri, ni kumtafutia matatizo.

Kutoka: Mzee wa Pangani, North Carolina

Wanangu, salaam.

Nimesoma nikasikitika. Yaani tumefika mahali pa kuikana lugha ya mama kwenye karatasi ya chekechea? Huyo bibi yake Neema akisikia kwamba kuwepo kwake nyumbani ndiyo kesi, atajisikiaje?

Niwape kisa. Mjukuu wangu yuko grade 2. Mwalimu wao kila Ijumaa mchana hualika mtu wa kuwasomea watoto, na watoto hawaambiwi ni nani mpaka mlango ufunguliwe. Nikaenda na kofia yangu ya viua. Sikubeba kitabu. Nikawaambia, mimi nikisema Paukwa, nyinyi semeni Pakawa. Nikawatolea hadithi ya Sungura na Fisi kwa Kiingereza changu hiki cha mikoko. Barua ya darasa ya wiki iliyofuata mwalimu kaandika kwamba watoto wanaitikia Pakawa hata kwenye foleni ya chakula. Mjukuu wangu, aliyekuwa ananiambia nisiongee Kiswahili tukifika getini, siku hizi ndiye mwalimu wao wa Kiswahili.

Sisi tulisoma kwa mchakamchaka alfajiri, umande miguuni, kila mtoto na fagio lake la chelewa na ndoo ya maji ya kumwagilia maua. Mwalimu akiingia tunasimama wote, shikamoo mwalimu. Hapa mtoto anamwita mwalimu wake huku amekaa chini ya meza.

Kutoka: Maman Furaha, Kentucky

Bonjour wote. Shikamoo Mzee.

Mama Neema, usikasirike, lakini miye ESL naishukuru. Sisi tulitoka Uvira, tukapitia kambi ya Nyarugusu. Mtoto wangu mkubwa alifika na miaka kumi, wakamtia darasa la umri wake, na Kiingereza hana hata neno. Bila yule mwalimu wa ESL angeshinda anaangalia midomo ya watu.

Shida yangu ilikuwa kikao cha wazazi. Shule ikamwambia mtoto mwenyewe atutafsirie. Mwalimu anasema, huyu anaongea sana darasani, hanyamazi. Mtoto anageuka anatwambia, mwalimu anasema ninashiriki sana. Baba yake akampongeza! Tukajua ukweli ripoti ilipokuja. Tangu hapo nadai mkalimani, ni lazima wakupe, na hulipi. Siku nyingine kwenye simu anakuja mtu wa Mombasa, tunasikilizana nusu, lakini afadhali kuliko mtoto.

Na wenye watoto wanaotoka kwetu, angalieni makaratasi ya chanjo. Wangu wa mwisho walimpima TB kwa sindano ya mkononi, ikavimba, wakamzuia asianze shule. Kumbe ni ile BCG ya utotoni, yenye alama begani, inaweza kudanganya kipimo cha ngozi. Ombeni kipimo cha damu. Chetu kilitoka safi, akaanza.

Kutoka: Baba Wambui, Washington

Sasa Mzee umenikumbusha mbali. Kwetu Nyeri tulikuwa na maziwa ya Nyayo, yalianza 1979, yale ya pakiti za pembe tatu. Siku ya maziwa hakuna mtoto aliyekuwa mgonjwa. Shule nzima inapiga mluzi.

Lakini hamjagusa balaa la kweli, nalo ni hisabati. Wiki hii yote binti yangu wa grade 2 yuko na 52 toa 27. Mimi namwambia 2 haitoi 7, enda kwa jirani ukope kumi, inakuwa 12, toa 7, ni 5. Kazi ya sekunde. Hapana. Ati lazima achore mstari wa namba, aanzie 27, aruke 3 afike 30, aruke 20 afike 50, aruke 2, halafu ajumlishe kile alichoruka. Jibu ni 25, lile lile! Nikamwandikia mwalimu, akanijibu kwa upole sana kwamba kukopa watafunzwa baadaye, kwanza waelewe namba zinaishi wapi. Namba zinaishi wapi! Mama yangu alikuwa anauza viazi soko la Karatina na hakuwahi kuchora mstari.

Halafu nasikia nyumbani nako wameiga. CBC hii, mtaala mpya wa Kenya, mzazi analala saa sita akitengeneza kinyago cha katoni.

Kutoka: Baba Khalid, Texas

Baba Wambui, afadhali nyie, 8-4-4 mnaizika na KCPE, ule mtihani wa darasa la nane, ya mwisho ilifanywa 2023. Kwetu Tanzania mtaala mpya umeanza 2024 na bado tunabishana ni lugha gani ya kufundishia sekondari. Ubishi huu niliuacha nikiwa kijana, nitaukuta nikistaafu. Na wenzetu Katiba yenu ya 2010 imewapa uraia pacha, sisi tunaambiwa tushukuru hadhi maalum.

Kutoka: Mzee wa Pangani, North Carolina

Wewe uliyeandika Kiingereza mistari yote unauliza lugha ya kufundishia Tanzania?

Kutoka: Bi Zuwena, Ohio

Assalamu alaykum. Jamani mnagombana na Ramadhani inabisha hodi.

Mimi nacheka na mambo ya skuli za huku, kila wiki wana lao. Juzi siku ya 100 ya skuli, kila mtoto aende na vitu 100 ndani ya mfuko, na avae kama mtu wa miaka mia. Wenzake wamepeleka vifungo na pipi. Mie nikamhesabia mtoto mbegu 100 za ubuyu, zile nyekundu za sukari, nikamvalisha kanzu, koti la babu yake na bakora. Mwalimu kanipigia simu: hivi vitu vinaliwa au ni vya mapambo? Namwambia vinamung'unywa. Saa nane zimerudi mbegu tupu, nyeupe, watoto wote midomo myekundu.

Bora hiyo. Siku ya kuzaliwa nilipeleka kashata za karanga, zikaishia ofisini kwa nesi, mfuko umefungwa kwa gundi. Karanga marufuku, mna mtoto zinamdhuru. Kosa si lao, ilikuwa imeandikwa kwenye barua ya mwanzo wa mwaka, ila nani anasoma kurasa zote zile. Kadi za Valentine nazo, ukipeleka lazima kila mtoto darasani apate, jina kwa jina, usimruke hata mmoja.

Wenye watoto wanaotaka kufunga, mwandikieni mwalimu mapema, waombeeni wakae maktaba wakati wa chakula. Wetu walikubali bila maneno.

Na huku Ohio si WIDA wala TELPAS, ni OELPA. Basi tu mjue.

Kutoka: Mama Neema, Minnesota

Ahsanteni nyote, Mzee shikamoo. Bibi yake Neema nimemsomea hadithi ya Paukwa, kafurahi sana, kasema na yeye aalikwe.

Mwl. Rehema, nimeomba matokeo kama ulivyosema. Wamenijibu nijaze fomu nyingine ya maombi ya kumbukumbu za mwanafunzi, niipeleke mwenyewe na kitambulisho, saa za kazi. Ratiba, mwalimu wa darasa anasema hana neno, lakini mwalimu wa ESL ana skuli tatu na Jumanne ndiyo siku yake kwetu. Kwa hiyo naomba nirudie: barua ya kukataa inasainiwa na mwalimu mkuu au na mtu wa wilaya? Mtihani ni wiki ijayo.

Kutoka: Baba Khalid, Texas

Huku ni LPAC.

Kutoka: Mwl. Rehema, Massachusetts

Baba Khalid!!

Mama Neema, mtihani usikutishe, huo ataufanya hata ukikataa. Nani anasaini, huku kwetu kila wilaya ina fomu yake, yenu siijui. Muulize mratibu wa EL wa wilaya, siyo dada wa uandikishaji.

Kutoka: Baba Wambui, Washington

Mratibu wetu wa EL aliondoka mwezi wa kumi na nafasi iko wazi hadi leo. Ukimpata wenu mshike mkono.

Kutoka: Msimamizi

Wapendwa, mazungumzo mazuri, ila tuheshimiane, na mambo ya vyama na marais yana uzi wake.

Kwa kuwa wengi mko hapa: kamati inapanga Siku ya Kiswahili, 7 Julai, na tungependa watoto waonyeshe kazi zao za darasani. Nani yuko tayari kusimamia meza ya watoto?

Kutoka: Bi Zuwena, Ohio

Julai skuli zimefungwa, kazi gani za darasani? Nyingi zimeshatupwa siku ya mwisho ya masomo. Semeni mapema watu waziweke.

Kutoka: Baba Khalid, Texas

Na 7 Julai ni Jumanne. Nani anapata ruhusa kazini Jumanne? Ifanywe Jumamosi ya tarehe 11.

Kutoka: Mzee wa Pangani, North Carolina

Siku iliyotangazwa na UNESCO ni ya 7, na TANU ilizaliwa tarehe 7. Haihamishwi kwa sababu ya zamu ya mtu. Mchana watoto, jioni wafanyakazi. Ukumbi wa mwaka jana walituzuia kupika ndani, kwa hiyo kwanza tujue jiko litakuwa wapi.