Mjadala: Je, maadhimisho ya miaka yaruhusiwe kuongoza kisa cha Doctor Who?

Mwanzisha mada: Tamthilia hii ya kubuni ya kisayansi ilianza BBC ya Uingereza tarehe 23 Novemba 1963, na mhusika mkuu, Daktari, msafiri wa wakati anayebadilika sura badala ya kufa, hubadilishiwa mwigizaji kila mara. Kuwakutanisha Madaktari wa zamani kwenye maadhimisho ndiko kunakomkumbusha mtazamaji kwamba wote ni mtu mmoja. Utaratibu huu uendelee.

Mpinzani: Sikubali. Orodha ya wageni huandikwa kwanza, kisa baadaye. Angalia "The Five Doctors" ya 1983, kipindi cha maadhimisho ya miaka 20. William Hartnell, Daktari wa kwanza, alikuwa ameshafariki mwaka 1975, nafasi yake akapewa Richard Hurndall. Tom Baker, Daktari wa nne, alikataa kushiriki, wakachomeka vipande vya "Shada", kisa ambacho upigaji wake haukumalizika. Ongeza wasaidizi wa Daktari, na maadui zake Dalek na Cybermen ndani ya dakika 90 hivi: kila mmoja anapita, anasalimia, anapisha. Kilichobaki ni safari ya kwenda kwenye mnara.

Mtetezi: Ndugu yangu, hapo kilichokosekana ni swali la kujibiwa. Tangu tamthilia irudi mwaka 2005 tulijua Daktari aliteketeza Gallifrey, sayari yake ya asili, ili kumaliza Vita vya Wakati kati ya watu wake na Dalek. Mwaka 2013, kwenye miaka 50, mwandishi Steven Moffat alirudi palepale. Christopher Eccleston, Daktari wa mwaka 2005, alipokataa kushiriki, akaundwa Daktari mpya, John Hurt, naye ndiye akabebeshwa uamuzi ule. Tazama wanapofungwa Tower of London: Hurt anawauliza Madaktari wenzake wawili kama waliwahi kuhesabu watoto waliokuwa Gallifrey siku ile. Matt Smith anasema hajui. David Tennant anaitaja idadi, bilioni 2.47, kisha anamkasirikia mwenzake kwa kusahau. Mtoe mmoja wao, onyesho zima linakufa. Mgeni wa namna hiyo ana kazi.

Mchangiaji mwingine: Star Trek, tamthilia ya Marekani ya safari za anga za juu, ilitimiza miaka 30 mwaka 1996 bila kugusa historia yake. Deep Space Nine, tamthilia iliyozaliwa nayo, iliwaingiza waigizaji wake ndani ya kipindi cha Star Trek kilichorushwa mwaka 1967, ikajenga upya sehemu za seti na kulinganisha taa na chembe za filamu. Mwanga ungepishana kidogo tu, udanganyifu ungeonekana.

Mpinzani: Hiyo naikubali, maana ilipokwisha kila mtu alirudi kwao. Doctor Who ya 2023, kwenye miaka 60, ilimrudisha Tennant, kisha ikamgawa Daktari kuwa wawili. Ncuti Gatwa, Daktari mpya, alianza safari huku mtangulizi wake akiwa hai, ana TARDIS yake, yaani chombo cha kusafiria katika wakati. Mwandishi ajaye atalazimika kueleza kwa nini huyo haitwi dunia inapokaribia kuangamia.