Meya anayekitazama kiti cha gavana: Baltimore ilinufaika na O'Malley, au ilifanywa ngazi?

Mleta mada

Wakuu, swali langu ni hili: meya akiwa tayari ameelekeza macho kwenye ugavana, wakazi wa jiji lake wanapata nini? Nachukua mfano wa Martin O'Malley wa Baltimore, jiji la jimbo la Maryland, Marekani, kwa kuwa safari yake imeshakamilika na matokeo yake yanaonekana.

Alichaguliwa kuwa diwani mwaka 1991. Mwaka 1999, akiwa na miaka 36, akashinda umeya. Kwa miaka kumi mfululizo Baltimore ilikuwa imezika zaidi ya watu 300 waliouawa kila mwaka, naye aliomba kura kwa ahadi ya kuishusha namba hiyo. Mwaka 2000 ikashuka chini ya 300. Hilo simnyimi, kila aliyepona ni mtoto wa mtu.

Akaanzisha pia mfumo wa CitiStat. Kila wiki mbili mkuu wa idara anasimama mbele ya meya au wasaidizi wake, takwimu za idara yake zikiwa kwenye skrini: ovataimu imelipwa kiasi gani, watoro ni wangapi, shimo la barabarani lililoripotiwa juzi mbona bado liko wazi. Mwananchi aliahidiwa shimo kuzibwa ndani ya saa 48. Nimefanya kazi halmashauri miaka kadhaa, najua jinsi ofisi inavyochangamka bosi akiwa na jibu kabla hajauliza.

Lakini shimo si mtu. Shimo likizibwa, limezibwa. Mtu akikamatwa, kumhesabu hakukuambii kama alikuwa na kosa. Polisi walisukumwa kukamata hata kwa makosa madogo kabisa, na mwaka 2005 pekee ukamataji ulipita 100,000 katika jiji lenye watu kama 640,000. Maelfu walilala mahabusu, wakaachiwa bila hata kushtakiwa. ACLU, shirika la kutetea haki za raia, na NAACP, la kutetea haki za watu weusi, wakalifungulia jiji kesi mwaka 2006. Ilipomalizwa mwaka 2010, jiji lilikubali kulipa dola 870,000. O'Malley alikuwa gavana tangu Januari 2007. Sifa za namba alihama nazo, deni likabaki kwa waliomchagua kwanza.

Mchangiaji wa pili

Mkuu, unamwonea. Baltimore ni jiji ambalo wengi wa wakazi wake ni weusi, na ndio waliompa kura mwaka 1999, wakamrudishia tena 2004. Walikuwa wamechoka kuzika. Mama ambaye kona ya mtaa wake imetekwa na wauza unga hakuuliza meya anaota kiti gani, aliuliza polisi watafika lini.

Halafu unaruka ugavana wenyewe! Mwaka 2011 alisaini sheria ya kuwaruhusu vijana wahamiaji wasio na karatasi za ukaazi walipe ada ya chuo sawa na wakazi wengine wa Maryland, na mwaka 2012 wananchi wakaipitisha kwa kura ya maoni. Nina mpwa wangu aliyesoma kwa sheria hiyo. Siku alipopata barua ya ada mpya alimsomea mama yake kwa simu, mstari kwa mstari, mara mbili. Mwaka 2013 O'Malley akafuta adhabu ya kifo. Angeng'ang'ania umeya, mambo haya angeyafanyia wapi? Jiji halitungi sheria ya kifo.

Mchangiaji wa tatu

Wanangu, mbona mnaanzia kwa O'Malley? Kabla yake alikuwapo William Donald Schaefer, meya tangu 1971 hadi 1987, kisha gavana hadi 1995. Huyo alizunguka mitaa kwa gari akiandika kila rundo la takataka na kila gari bovu lililotelekezwa, idara zikatumiwa karatasi za maagizo. Jumba la samaki la bandarini lilipochelewa kufunguliwa mwaka 1981, alitumbukia kwenye bwawa la sili mbele ya kamera, amevaa nguo ya kuogelea ya kizamani yenye mistari, mkononi bata wa plastiki. Ilikuwa ahadi yake kama kazi haitamalizika kwa wakati. Alipofika ugavana hakulisahau jiji: treni ninayopanda kupita Howard Street ilianza safari mwaka 1992, wakati wake.

Lakini jimbo si jiji. Mwaka 1991 aliiita Eastern Shore, upande wa wakulima na wavuvi, choo, kwa neno chafu kabisa. Watu wakapakia vibanda vya vyoo vya mbao kwenye magari wakaviburuza hadi Annapolis, makao makuu ya jimbo. Miaka yote ile ya umeya haikumfundisha kuongea na mtu wa shamba.

Mleta mada

Mzee wangu, shikamoo. Schaefer alikaa umeyani miaka 15, akayavuna mwenyewe aliyoyapanda, mazuri na mabaya. Ndiyo tofauti ninayoizungumzia.

Kwako ndugu wa mpwa: sheria ile ya ada nampongeza nayo bila kusita. Ila usiseme kamatakamata ndiyo iliyookoa roho za watu. Mwaka 2011, chini ya meya mwingine, ukamataji ukiwa umepungua sana, waliouawa walikuwa chini ya 200. Idadi iliwezekana kushuka bila kujaza mahabusu.

Wizara ya Sheria ya Marekani ilipochunguza polisi wa Baltimore, ripoti ya Agosti 2016 ilimtaja mwanamume mweusi wa miaka hamsini na kitu aliyesimamishwa na polisi mara 30 ndani ya muda usiofika miaka minne. Mara zote 30 hakuandikiwa kosa lolote. O'Malley hakuwa meya tena, lakini ripoti hiyo hiyo ilisema mazoea hayo yametokana na mkakati wa kutovumilia kosa lolote wa miaka ya mwanzo ya 2000. Anayemtetea aanze kwa kunieleza huyu baba alinufaika nini.