Eusébio, Coluna na swali la bima: nikifa huku, mnizike wapi?

Kutoka: Kijana wa Newala, Lisbon

Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi popote mlipo, shikamooni mliotutangulia, na wengine habari zenu.

Leo ni tarehe 5 Januari. Siku kama hii mwaka 2014 Eusébio, yule mcheza mpira mkubwa wa Ureno aliyezaliwa Msumbiji, alifariki hapa Lisbon kwa maradhi ya moyo, akiwa na miaka 71. Nilitaka kumkumbuka tu, lakini nina swali linalonisumbua na yeye yumo ndani yake.

Kazini kwetu (nafunga nondo, tunajenga maghorofa) wameleta bima mpya. Fomu inauliza: ukifariki, maiti isafirishwe kwenda nchi yako ya asili, au uzikwe Ureno? Nikampigia baba Newala. Akanijibu neno moja, "Nyumbani," akakata simu. Mke wangu, ambaye ni wa Pemba ile ya Msumbiji, akauliza, "Nyumbani kwa nani?" Watoto wetu wamezaliwa hapa na Kimakonde wanakisikia tukigombana tu.

Sasa mtazameni Eusébio. Alizaliwa tarehe 25 Januari 1942 Mafalala, mtaa wa mabati wa Lourenço Marques, Maputo ya leo. Baba yake, Mwangola aliyefanya kazi reli, alikufa kwa pepopunda mtoto akiwa na miaka minane. Mpira waliochezea ulikuwa soksi iliyoshindiliwa magazeti. Desemba 1960 klabu ya Benfica wakamleta Lisbon, wakimficha kwa jina la siri la kike, Ruth, ili wapinzani wao Sporting wasimnyakue. Alikuwa na miaka 18. Inasimuliwa kwamba alibeba barua ya mama yake kwa Mário Coluna, kaka kutoka Msumbiji aliyetangulia Benfica, ikimwomba amwangalie mtoto. Coluna akamwangalia kweli. Sisi sote tulikuwa na Coluna wetu: aliyekuja kukupokea, akakulaza kwenye kochi lake, akakuamsha alfajiri ukapange foleni ya vibali.

Mwaka 1962 wote wawili walifunga kwenye fainali ya Kombe la Ulaya, Benfica ikaipiga Real Madrid 5-3. Kombe la Dunia 1966 Coluna ndiye aliyekuwa nahodha wa Ureno, na Eusébio akaongoza kwa magoli, tisa. Walifariki mwaka mmoja, wakipishana wiki saba. Eusébio alifia hapa. Alikuwa ameomba azungushwe uwanjani mara ya mwisho, jeneza likazungushwa uwanja wa Benfica, likaenda makaburi ya Lumiar. Julai 2015 wakamhamishia kwenye Panteão ya taifa, walikolazwa marais na waandishi wakubwa wa Ureno. Yeye ni mcheza mpira wa kwanza kuwekwa humo. Coluna alirudi kwao baada ya uhuru, akaongoza shirikisho la mpira la Msumbiji, akafia Maputo tarehe 25 Februari 2014.

Naomba ushauri wenu. Mimi niweke alama wapi?

Kutoka: Mzee wa Nachingwea

Marahaba mwanangu. Baba yako usimlaumu kwa kukata simu. Neno hilo likimjia mzazi, sauti hukwama.

Umenigusa kwa Eusébio, maana sisi wa mpakani tulimjua kwa namna yetu. Mwaka 1966 nilikuwa kijana. Vita vya ng'ambo ya Ruvuma, vya kumng'oa Mreno Msumbiji, vilikuwa vimeanza Septemba 1964. Hapa Nachingwea ndipo ilipokuwa kambi ambako Samora Machel aliwapika wapiganaji wa FRELIMO, na wakimbizi walikuwa wakivuka mto na mikeka yao kichwani, wengine wakapewa mashamba kule Rutamba. Kwetu Mreno alikuwa adui, basi. Hakukuwa na mjadala.

Sasa ikatufikia habari ya ile robo fainali ya Kombe la Dunia iliyochezwa mjini Liverpool, kwamba Korea Kaskazini wamempiga Mreno matatu ndani ya dakika 25. Tulishangilia! Halafu tukaambiwa mechi iliisha 5-3, Mreno kashinda, na manne kafunga Mwafrika mmoja anaitwa Eusébio. Watu wakanyamaza. Palikuwa na kijana mkimbizi kutoka Mueda, alikuwa akilima kibarua kwetu. Yeye peke yake alicheka, akapiga jembe chini, akasema: "Huyo wetu. Mreno kamwazima tu."

Picha zenyewe nilikuja kuziona kwenye televisheni nikiwa mtu mzima. Timu iko nyuma, anafunga, hashangilii. Anaingia wavuni, anauchomoa mpira mwenyewe, anaukumbatia na kukimbia nao hadi katikati ili mechi ianze upesi. Na nusu fainali walipofungwa na Uingereza 2-1, goli la Ureno lilikuwa lake, penalti, akatoka uwanjani analia machozi, anajifuta kwa jezi. Nilipoona vile hasira yangu ya ujana iliisha. Mtoto wa Mafalala analia kwa ajili ya nchi ya mtu mwingine, na analia kweli.

Wapo wazee wenzangu waliomwita msaliti. Mimi sikubali. Waitaliano walimtaka kwa fedha nyingi, serikali ya Salazar, mtawala wa Ureno, ikakataa kumwachia, ikasema ni mali ya taifa. Kijana wa namna hiyo ungetaka akatae vipi kuvaa jezi? Magoti yake yalipasuliwa mara nyingi kwa ajili yao, na miaka ya 1970 mguu umechoka bado alikwenda kutafuta riziki Marekani, Kanada na Meksiko. Hapo ninamwona kama ninyi kabisa.

Lakini kwa kuwa umeniuliza, nitakwambia ninachoamini. Coluna ninamheshimu zaidi. Alirudi wakati wa shida, nchi haina kitu, akakaa na watu wake. Mtu wa Maputo leo anaweza kumpeleka mwanawe kaburini kwa Coluna kwa daladala. Baba yako anafikiria hilo hilo. Sisi kila inapokaribia Ramadhani tunafyeka makaburi na kuwasomea dua waliotangulia. La kwako huko Lisbon atalifyeka nani?

Kutoka: Dada wa Lindi mjini, Leicester

Shikamoo mzee wangu. Umeniliza asubuhi.

Kaka wa Lisbon, nitakueleza upande wa makaratasi, maana mapenzi bila makaratasi yanaacha maiti kwenye jokofu. Alipofariki ndugu yetu mmoja wa Lindi hapa, hakuacha neno lolote. Ndugu wa Lindi wanasema arudi, mjane anasema azikwe hapa, na kila upande una shahidi wa alichosema kwenye harusi ya fulani. Tulihangaika siku nyingi, na yeye ni Mwislamu aliyepaswa kuzikwa upesi.

Kwa hiyo andika. Karatasi moja, kwa mkono wako, useme unataka kuzikwa wapi, nani asimamie, na fedha zitoke wapi. Saini mbele ya mashahidi wawili. Nakala moja kwa mkeo, moja kwa baba au amu yako, moja kwa mtu wa msikitini au kanisani huko. Usiifungie kwenye sanduku, watu hufungua sanduku baada ya mazishi.

Ukichagua nyumbani, ujue yafuatayo. Pamoja na cheti cha kifo cha nchi uliyofia na pasipoti yako, shirika la ndege na mamlaka watataka hati ya daktari kwamba hukufa kwa ugonjwa wa kuambukiza, hati ya kutiwa dawa mwili, na hati ya kufungwa kwa jeneza, ambalo ndani lina bati la zinki. Wengine dini yao inawatatiza kwenye kutiwa dawa, zungumzeni na imamu mapema. Utahitaji pia barua ya ubalozi wetu. Si kila nchi ina ubalozi wa Tanzania, kwa hiyo ulizeni leo ni ubalozi gani unaoihudumia Ureno, na namba yake ya dharura iwe kwenye simu ya mkeo. Vyeti vya Kireno vitafsiriwe na mtu anayetambulika kisheria. Hapa Uingereza kuna la ziada: kuitoa maiti nje ya nchi lazima umwarifu afisa wa uchunguzi wa vifo, naye ana siku nne kamili za kujibu. Msimkatie mtu tiketi kabla ya hapo.

Halafu mnasahau safari ya mwisho. Ndege kubwa inafika Dar es Salaam. Kutoka pale hadi Mtwara ni kama kilomita 560 za barabara, Kibiti, daraja la Mkapa, Nangurukuru, Lindi, ndipo mpande Newala. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara pale Somanga na watu wakakwama na misiba yao njiani. Mwulizeni wakala kama ndege ya Mtwara itapokea jeneza la ukubwa huo. Na someni bima kwa makini inaishia wapi: nyingi husema "uwanja wa ndege wa nchi ya asili". Gari la kutoka Dar hadi Newala ni juu yenu.

Kuhusu mirathi sitasema mengi leo. Ukoo hukaa kikao, humteua msimamizi, anathibitishwa mahakamani. Mjane awe na cheti cha ndoa mkononi. Hilo tu.

Kutoka: Mama wa Kilwa Kivinje, Odivelas

Mwanangu wa Newala, sisi ni majirani, njoo nyumbani uongee na mume wangu. Lakini jambo moja lazima ulijue kabla hujaweka alama ya Ureno, maana wengi wetu hawalijui mpaka barua ifike.

Kaburi la kawaida la manispaa hapa ni la muda. Ikipita miaka mitatu wana haki ya kulifukua. Mwili ukiwa umekwisha, mifupa inatolewa na kuwekwa kwenye kisanduku ukutani, na familia inalipia. Anayetaka kaburi la kudumu hulinunua, na bei si ya mtu wa mshahara mmoja. Wareno hawaoni tatizo, ndiyo desturi yao. Kwetu mtu akilazwa amelazwa. Pale Lumiar, alikozikwa Eusébio mwanzo, kuna sehemu ya Waislamu. Nenda msikiti mkuu, ule wa karibu na Praça de Espanha, uwaulize wanaosimamia mazishi masharti ya sehemu ile na gharama zake. Utakutana na Wamakua na Wamwani wa Cabo Delgado pale, mtasikilizana bila Kireno.

Na mzee wa Nachingwea, kwa heshima zote, Eusébio hakukosa watu wa kumfyekea. Mke wake, binti zake na wajukuu walikuwa hapa. Mimi mwenyewe nimeshawazika wawili huku na sijawahi kuliacha kaburi likaota nyasi.

Kutoka: Mtu wa Masasi, Kanada

Ongezeni na wa tatu. Matateu, mtoto mwingine wa Lourenço Marques, aliyefunga magoli chungu nzima kwa Belenenses, klabu ya Lisbon, kabla Eusébio hajafika Ureno. Alihamia huku Kanada, akafia Victoria, British Columbia, Januari 2000. Hakurudi Msumbiji, hakurudi Lisbon. Nimekaa nchi hii muda mrefu na sijamkuta kijana anayemjua.

Kutoka: Kijana wa Newala, Lisbon

Nawashukuru sana. Mama wa Kivinje nilimtembelea, na msikitini tumekwenda pamoja na mke wangu. Fomu ya bima, ukurasa wa tatu, imeandikwa kama dada alivyosema: inaishia uwanja wa ndege wa Dar es Salaam. Nisingeisoma.

Nimeweka alama ya Ureno, mzee wangu wa Nachingwea, na ninakueleza sababu ili usidhani nimekudharau. Watoto wangu bado wadogo, mkubwa ana miaka tisa. Nikifa kesho, wa kufyeka ni wao na mama yao, na wao wako hapa. Watakapokuwa wakubwa, au tukijaliwa kurudi, nitabadilisha, na karatasi inasema hivyo. Nimetaka sehemu ile ya Lumiar, na tumeanza kuweka akiba yake kando na ya nyumba. Baba nimemsomea karatasi yote kwenye simu. Hakupendezwa. Lakini ameomba nakala, na amesema arobaini yangu itasomwa Newala, hilo hakuna wa kumzuia. Nimeliandika pia.

Tulio Ureno tumekubaliana kuanzisha mfuko wa kuzikana, tuwe tayari kwa atakayetaka kurudi na atakayetaka kubaki. Kikao cha kwanza ni Jumamosi saa 2 usiku ya Mtwara, huku kwetu na Leicester itakuwa saa 11 jioni. Dada, tafadhali tuma katiba ya chama chenu tuione mnachanga kiasi gani kwa mwezi na mnafanyaje mtu akifariki kabla hajamaliza mwaka. Mzee, tunakuomba uwe mlezi wetu. Wa Masasi, ukipata nafasi ya kufika Victoria, ulizia kaburi la Matateu lilipo utujulishe.