Naomba ushauri: saruji yangu ya mfupa haioti apataiti

BintiNyenzo: Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninasoma shahada ya uzamili katika uhandisi wa nyenzo, na utafiti wangu unahusu saruji ya mfupa, ile inayoshikiza nyonga bandia. Saruji ya akriliki (aina ya plastiki) ambayo daktari John Charnley wa Uingereza aliieneza tangu miaka ya 1960 haiungani na mfupa ulio hai: hupenya kwenye vitundu vyake na kuganda humo, na mara nyingi mwili huizungushia utando wa nyuzinyuzi. Kwa sababu hiyo nimechanganya poda yake na unga wa kioo cha 45S5, alichokibuni Larry Hench huko Florida mwaka 1969, nikitarajia uso wake uote apataiti, madini yanayofanana na ya mfupa wenyewe.

Nimekwama kwenye mambo mawili. Nikiweka kioo asilimia 30 ya uzito, nguvu ya mgandamizo inashuka hadi megapaskali 58, ilhali kiwango cha ISO 5833 kinataka isipungue 70. Pili, baada ya siku 14 ndani ya kimiminika kinachoiga majimaji ya mwili, vipande vyangu havijaota chochote, lakini kuta za chupa zimepata utando mweupe. Chupa ni za kioo. Nimekosea wapi?

Mkemia wa Zamu: Dada, utando huo ndio jibu la nusu ya swali lako. Kimiminika hiki kimeshiba kalsiamu na fosfeti kiasi kwamba mkwaruzo mdogo kwenye kioo unatosha kuanzisha fuwele, na kilichokusudiwa kuota kwenye saruji kikaishia chupani. Mimina chote, uanze upya kwa chupa za plastiki. Tia chumvi moja baada ya nyingine, kila moja iyeyuke kabisa kabla ya inayofuata, kisha rekebisha pH iwe 7.40 kwenye nyuzi 36.5. Kikae siku mbili au tatu bila kipande. Kikipoteza uangavu wake, hakifai. Kwa kanuni ya Profesa Kokubo wa Kyoto, ujazo wa kimiminika kwa mililita ni eneo la uso wa kipande kwa milimita za mraba, gawanya kwa 10. Wengi huweka kidogo mno.

Fundi Polima: Nakubaliana naye, ila hata kimiminika kikiwa sahihi, akriliki iliyogandia kwenye kalibu hufunika chembe za kioo kwa ngozi nyembamba, na maji hayazifikii. Piga msasa vipande vichache uvilinganishe na visivyopigwa. Kuhusu nguvu, kioo na akriliki havishikani vyenyewe. Paka unga wako silani, kemikali inayounganisha kioo na plastiki, yenye kundi la methakrileti linaloungana na akriliki, kabla ya kuuchanganya, kwa kiasi, kwa maana ukizidisha utaziba uso uleule unaotakiwa kutoa kalsiamu. Tena 45S5 ina oksidi ya sodiamu asilimia 24.5, hivyo humenyuka upesi na kuvuta maji mengi. Mimi ningetafuta kioo chenye sodiamu kidogo.

Msomaji Makini: Kwa nini usiiache akriliki, ukatumia saruji ya kalsiamu fosfeti ya watafiti Brown na Chow? Inageuka hidroksiapataiti, aina ya apataiti, yenyewe, bila joto kali.

Fundi Polima: Kwa kujazia pengo la fuvu, sawa kabisa. Kwa nyonga inayobeba uzito kila hatua, hapana, maana ni dhaifu sana inapovutwa au kupindwa.

Muuguzi wa Upasuaji: Naomba niongeze jambo ambalo maabara hulisahau. Chumbani kwetu saruji huchanganywa huku harufu kali ya monoma, kile kimiminika cha akriliki kabla ya kuganda, ikisambaa, kisha daktari huigusa kwa glavu mara kwa mara, kama apimaye unga wa chapati, hadi iache kunata. Kuanzia hapo dakika za kuiweka ni chache. Mwanangu, ukiongeza unga wa kioo, pima pia muda huo na joto lake; saruji inayogandia mkononi haitatumiwa na mtu yeyote, hata ikiungana na mfupa vizuri namna gani.

BintiNyenzo: Nawashukuru kwa dhati. Muda wa kunata sikuwahi kuupima hata mara moja. Kesho naagiza chupa za plastiki, na vipande 6 nitavipiga msasa. Je, silani nianze na asilimia ngapi?

Fundi Polima: Anza na asilimia 1 ya uzito wa kioo, upande polepole. Utuletee picha za hadubini ya elektroni.