Mgongo wa bimkubwa: saruji ya mfupa au mkanda na vidonge?

Mgosi_Makorora: Wakuu habari. Bimkubwa ana miaka 71, wiki tatu nyuma kanyanyua ndoo ya maji akasikia kah! mgongoni, tangu hapo kugeuka kitandani ni kilio. Eksirei inaonyesha pingili moja imebonyea kwa mbele. Kapewa mkanda na dawa za maumivu, sasa kuna jamaa anasema Dar wanadunga saruji mfupa unakaza siku hiyohiyo. Kipi bora? Nauli ipo, hela ya kuchezea hamna.

BintiChumbageni: Pole mgosi. Kwanza sio saruji ya Pongwe hiyo 😂 ni kama plastiki, inaingia ikiwa uji inaganda ndani ya dakika chache, hiyohiyo wanayoshikizia nyonga za bandia. Wafaransa wameanza 1984. Kuna na ya baluni, wanaijaza kwanza ndani ya pingili inyanyuke kidogo afu ndo saruji, gharama juu ila kwa maumivu hazipishani sana.

Mpangani: Mi nabaki na mkanda. Tafiti mbili za 2009, wengine walidungwa saruji wengine wakafanyiwa kiini macho tu na ganzi, maumivu yakapungua sawasawa! Wengi hutulia wenyewe wiki 6 mpaka 12, na saruji ikivuja inaweza kubana neva au kufika mapafuni.

BintiChumbageni: Ila hao wa 2009 wamo waliokuwa na miezi kibao tangu wavunjike. Australia 2016 wakachukua wa chini ya wiki 6 wenye maumivu makali, saruji ikasaidia. Mama yuko wiki ya tatu.

Nesi_mstaafu: Wanangu mnabishania dawa, ugonjwa hamjaujua. Ndoo tu ivunje pingili? Inaweza kuwa mifupa imechakaa, ila TB ya mgongo ipo na saratani ipo, na penye maambukizi saruji haitiwi. Anatoka jasho usiku? Kakonda? Kipimo cha emarai (MRI) kitaonyesha pia kama jeraha bado bichi. Miguu ikiingia ganzi au mkojo ukigoma, hospitali saa hiyohiyo. Na ikiwa ni mifupa kuchakaa, aulizie alendronate, dawa ya kuimarisha mifupa, kidonge kimoja kwa wiki, tumbo tupu na glasi nzima ya maji, asilale nusu saa, maana saruji inashika pingili moja tu, zilizobaki ziko vilevile.

Mgosi_Makorora: Shikamoo mama. Jasho hapana, ila kukonda... kanga siku hizi inamzunguka mara mbili, tukadhani ni mfungo. Kesho alfajiri namrudisha hospitali ya Bombo. Mkanda anauvua akilala, sawa?

Nesi_mstaafu: Marahaba. Sawa, auvae akikaa na kutembea. Na hizo eksirei mbebe, msiende mikono mitupu.