Nanunua nyumba Kira: kodi za kuhamisha hati ni zipi, na nani anazilipa?

MwlArua
Salaam wakubwa. Mimi na mke wangu tumepata nyumba Kira, karibu na Kampala, upande wa Kyaliwajjala. Kiwanja ni futi 50 kwa 100, nyumba ina vyumba vitatu, na nyuma kuna mizigo miwili (vyumba vya kupangisha) yenye wapangaji. Ardhi ni ya mailo (umiliki wa kudumu), hati ipo. Bei ni Sh milioni 180. Mia tunayo, themanini tunakopa benki. Sasa kodi ndiyo inanivuruga. Dalali anasema serikali inachukua "asilimia moja hivi", shemeji anasema ni sita, jirani anasema kodi ni mzigo wa muuzaji, mimi nisiguse. Halafu dalali ameleta ushauri wake: kwenye mkataba tuandike milioni 90, eti kodi ishuke nusu. Naombeni mwongozo kabla sijatoa hata shilingi.

Mama Tendo
Mwalimu, ushuru wa stempu wa kuhamisha hati ni asilimia 1.5 ya thamani, na kwa kawaida analipa mnunuzi. Kwa milioni 180 hiyo ni 2,700,000. Mkikubaliana muuzaji achangie, sawa, muandike, lakini bila risiti ya ushuru huo hati haibadilishwi jina. Na anayeitaka hati ni wewe. Usisahau benki: mkopo nao una gharama zake. Waulize mapema gharama zote za mkopo, usingoje siku ya kusaini.

Karani Mstaafu
Hilo la milioni 90 achana nalo. Bei mliyoandika ninyi siyo neno la mwisho. Fomu za uhamisho zinapita kwa mthamini wa serikali, wa Wizara ya Ardhi, na yeye ndiye anayeweka thamani ya kukatia ushuru. Anajua Kyaliwajjala viwanja vinauzwaje. Akisema 180, utalipa ya 180. Akisema 210, jiandae kwa 3,150,000, hata kama mkataba wako ni wa kweli kabisa. Kwa hiyo weka akiba kidogo juu ya hesabu yako.

Ila hasara kubwa ya huo uongo haiko kwenye ushuru. Siku akitokea mtu na kesi juu ya kiwanja, ukadai pesa yako irudi, utakuwa umeshika karatasi gani? Ya 90. Na benki nayo inaangalia mkataba na ripoti ya mthamini wake. Utawaambia nini wanapoona nyumba ya milioni 90 na wewe unaomba 80?

BodaMpakaBosi
Mbona mnajisumbua. Nunua kibanja, yaani haki ya kukaa kwenye ardhi ya mtu mwingine. Hakuna hati, hakuna mthamini, hakuna stempu. Mnaandikiana mbele ya mwenyekiti wa LC1 (baraza la mtaa), mashahidi wanasaini, mnakunywa soda, kwisha.

Mama Tendo
@BodaMpakaBosi kibanja nacho kina mwenye ardhi, na unahitaji ridhaa yake kabla ya kununua. Ukimruka, siku moja unaambiwa huna haki pale. Atataka kanzu yake (malipo ya kukutambua), na busuulu, kodi ya ardhi ya kila mwaka, inakusubiri. Halafu benki gani itampa mwalimu milioni 80 kwa dhamana ya kibanja? Mtu kauliza nyumba yenye hati, mjibuni hiyo.

BodaMpakaBosi
Haya nyabo, nimenyamaza 😂

Wakili Mdogo
Kaka, swali ambalo wote tumelipita: kwenye hati kuna jina la nani? La mtu binafsi au kampuni? Na je, umefanya upekuzi ofisi ya ardhi, au umeonyeshwa fotokopi tu?

MwlArua
Upekuzi bado. Fotokopi ina jina la kampuni. Dalali anasema ni ya yule mzee anayeuza mwenyewe, anajenga nyumba na kuuza, hii ni ya nne mtaa ule.

Wakili Mdogo
Basi shemeji yako hakukosea sana. Anayenunua mali ya biashara kutoka kwa mkazi wa Uganda anatakiwa na sheria kuzuia asilimia 6 ya bei na kuipeleka URA (mamlaka ya mapato). Kwako ni milioni 10.8. Muuzaji asiye mkazi wa Uganda ni asilimia 10. Nyumba iliyojengwa ili iuzwe inaingia kwenye maana ya mali ya biashara. Nyumba ambayo mtu alikuwa anaishi tu na familia yake ni hadithi nyingine.

Sikiliza vizuri: hiyo 6 haiongezwi juu ya 180. Inakatwa ndani yake. Muuzaji anapokea 169.2, wewe unapeleka 10.8 kwa jina lake, na yeye anaihesabu kwenye kodi yake ya mapato. Usipozuia, URA inaweza kukudai wewe, na wakati huo pesa yote iko mfukoni mwa mzee. Kama kampuni ina msamaha wa kukatwa kodi ya zuio, wakuonyeshe, nawe uthibitishe URA wenyewe. Sasa umeona kwa nini wanaitaka 90? Kwako inaonekana kama punguzo la 1,350,000, tena ambalo mthamini atalifuta. Kwao ni mauzo ya milioni 90 yasiyoonekana kwenye vitabu.

VAT isikutishe, nyumba ya kuishi imesamehewa. Mizigo ile miwili ukiendelea kuipangisha, kodi ya pango kwa mtu binafsi ni asilimia 12 ya kiasi kinachozidi 2,820,000 kwa mwaka.

MwlArua
Wakili, hapo umeniamsha. Nikimwambia muuzaji nazuia 10.8 si atakimbia?

Wakili Mdogo
Atapandisha sauti kwanza. Iandike kwenye mkataba kama kipengele, uone. Kampuni yenye vitabu safi hailii kwa hilo, maana ni kodi yake mwenyewe. Akisema "basi tuvunje", mwache avunje.

Karani Mstaafu
Anza na upekuzi, ofisi ya ardhi ya Wakiso, ada ni ndogo sana ukilinganisha na 180. Uone kama kuna rehani au zuio la mtu juu ya hati. Mpeleke mpima akafungue mipaka. Wewe na mke wako muwe na TIN (namba ya mlipakodi), hati iandikwe majina yote mawili. Na majina yafanane herufi kwa herufi: kitambulisho, fomu ya uhamisho, TIN. Nakatto na Nakato kwa mfumo ule ni watu wawili. Fomu hukwama mezani kwa "t" moja mpaka mtu alete kiapo cha maandishi. Ushuru lipa mwenyewe benki kwa namba ya malipo ya URA, dalali asibebe pesa.

MwlArua
Dalali amepiga sasa hivi, anasema kuna mteja mwingine na kesho asubuhi analipa. Nimemwambia Jumatatu niko Wakiso na namba ya hati, mteja wake akitaka twende wote.