Binti anaingia kidato cha kwanza: St. Francis Mbeya, Marian Girls au Kifungilo?

BabaWawili
Habari za jioni wana jukwaa. Binti yangu amemaliza darasa la saba mwezi huu na mama yake ameshika bango kwamba lazima asome kwa masista. Nimebaki na majina matatu mkononi: St. Francis ya Mbeya, Marian Girls ya Bagamoyo na Kifungilo ya Lushoto. Ipi ina jina la kweli na ipi inaishi kwa sifa za zamani? Usaili unakaribia, nataka kuamua wiki hii. Natanguliza shukrani.

Kipanga wa Uyole
Hapo hakuna cha kujadili mkuu. St. Francis. Matokeo ya kidato cha nne 2020 iliongoza nchi nzima, Ilboru ikafuata, Canossa ya tatu. Usiseme ilikuwa bahati, 2017 na 2018 ilishakaa hapo hapo juu. Sisi watu wa Mbeya tukisikia imeshika namba mbili tunaulizana kuna msiba gani.

Mama Kulwa
Kaka yangu, mbona umeuliza nusu nusu? Unaishi wapi? Ada umejipanga kiasi gani? Mtoto ana uwezo gani darasani, na yeye mwenyewe anasemaje? Ni Mkatoliki? Ana pumu, ana vidonda vya tumbo, anakojoa kitandani? Usicheke, hayo ndiyo mambo ya bweni. Jaza hayo kwanza ndipo tukushauri.

Msambaa_Asilia
Kifungilo. Mimi ni zao la pale, sitajifanya sina upande. Usambara baridi inakufundisha kuamka bila kengele, maana ukichelewa foleni ya maji ya moto imekwisha. Shule ilianzishwa na masista wa Damu Takatifu, na ule utaratibu wa kupiga pasi, kutandika kitanda na kulima bustani hautoki mwilini hadi unazeeka. Mume wangu mpaka leo analalamika nakunja shuka kama niko kambini.

Kipanga wa Uyole
Dada, mwenzio ameuliza shule, hajauliza kukunja shuka.

Msambaa_Asilia
Na wewe umejibu kama timu ya mpira imeshinda kombe. Kwani wewe ulisoma pale St. Francis?

Kipanga wa Uyole
Ni ya wasichana 😂

Mwalimu wa Zamu
BabaWawili, nafundisha fizikia shule binafsi (si hizo tatu), ngoja nikupe njia ya kupima mwenyewe badala ya kusikiliza ushabiki.

Kwanza, orodha ya kumi bora isahau. NECTA (Baraza la Mitihani) waliacha kuitangaza Januari 2023, walipotoa matokeo ya kidato cha nne ya 2022. Kila anayekutajia shule ya kwanza kitaifa baada ya hapo amepiga hesabu zake mwenyewe au amesoma bango la barabarani.

Pili, matokeo ya kila shule bado yapo kwenye tovuti ya NECTA. Fungua matokeo ya upimaji wa kidato cha pili ya 2022 ya shule unayoitaka, hesabu watahiniwa. Kisha fungua kidato cha nne cha 2024 cha shule hiyo hiyo, hesabu tena. Ni watoto wale wale, miaka miwili baadaye. Ukikuta walikuwa 120 wakabaki 84, jiulize wale 36 wamekwenda wapi. Wachache huhama kwa sababu za nyumbani, hiyo kawaida. Lakini wakipungua theluthi nzima, hiyo divisheni wani ya asilimia mia imetengenezwa kwa mkasi. Shule isiyopungukiwa watoto na bado inatoa wani tupu, hiyo mwalimu anafundisha.

Tatu, usiishie kwenye divisheni. Wani ni pointi 7 (bora kabisa) hadi 17, na kati ya mtoto wa 7 na wa 17 kuna mlima. Angalia somo kwa somo. Kama binti anataka PCB (fizikia, kemia na baiolojia) huko mbele, tazama A za masomo hayo, si za Kiswahili na uraia.

BabaWawili
Mwalimu, hili la kuhesabu sikuwahi kulifikiria. Asante sana.
Mama Kulwa: naishi Dar. Ada isizidi milioni nne kwa mwaka. Mtoto ana akili, mwalimu wake amesema.

Mama Kulwa
"Ana akili" si alama. Na milioni nne ni ada peke yake au pamoja na sare, godoro, tranka, nauli, hela ya tahadhari na michango isiyokuwa na jina? Omba fomu ya kujiunga usome hadi ukurasa wa mwisho. Ada iko ukurasa wa kwanza, maumivu yako nyuma.

Sasa niwaeleze yangu. Jina la shule nalihifadhi, ilitosha nilivyolia wakati ule. Mwanangu, yule pacha mkubwa, alifaulu usaili wa shule moja ya masista, jina kubwa, nikaringa mtaa mzima. Kidato cha kwanza akapata wastani wa 71. Kidato cha pili muhula wa kwanza, 66. Wastani wa kuvuka ulikuwa 70. Barua nikapewa Desemba, siku ya kufunga shule, mbele ya wazazi wengine: arudie darasa au nimtafutie shule. Mtoto hajapata sifuri, hana utovu wa nidhamu, ana B karibu zote!

Nikamwomba sista mkuu tuongee. Akanipokea vizuri, chai na mkate wa kusukumwa, akaniambia kwa upole kabisa kwamba "shule ina viwango vyake." Nikamwambia Wizara ilishapiga marufuku kukaririsha watoto hivi. Akatabasamu. Akasema hawamlazimishi mtu, ni makubaliano, na sahihi yangu ipo kwenye fomu. Nikaangalia, kweli ipo. Nilisaini nikiwa nimesimama kwenye foleni ya benki.

Kilichoniuma si shule. Ni kwamba yule mtoto alijua tangu Septemba kwamba hatavuka, akakaa kimya miezi mitatu akisali novena. Barua za nyumbani aliandika "naendelea vizuri mama." Nilimhamishia ya kutwa ya serikali hapa hapa karibu na nyumbani, akamaliza na wani ya pointi 15. Leo anasoma uuguzi. Ila hadi leo ukimtajia neno wastani anabadilika sura.

Nyota ya Kigamboni
Pole sana mama. Mimi ningepeleka mtu mahakamani.

Mama Kulwa
Kwa sahihi yangu mwenyewe?

Mwalimu wa Zamu
Mama Kulwa umenisaidia kumalizia. BabaWawili, siku ya usaili uliza kwa mdomo wako: wastani wa kuvuka ni ngapi, na asiyeufikia anafanywaje? Mkuu akianza kuzunguka, umeshajibiwa.

Mzee wa Kitambo
Vijana, mnazungumza Marian kana kwamba imeanza jana. Marian ilikuwa Morogoro, chini ya masista wa Maryknoll. Mke wangu alisoma hapo. Wasichana wa Marian walikuwa wakishuka mjini Morogoro, mji mzima unajua wameshuka.

Nyota ya Kigamboni
Shikamoo mzee. Marian si Bagamoyo?

Mzee wa Kitambo
Marahaba. Hiyo ya Bagamoyo ni nyingine, ya siku hizi, kazi ya mapadri wa Roho Mtakatifu, wale ambao misheni yao Bagamoyo imeanza 1868. Marian ya Morogoro serikali iliichukua baada ya ile Sheria ya Elimu ya 1969 na ndiyo Kilakala mnayoijua leo. Kwa hiyo unapompeleka mtoto Kilakala bure, unampeleka katika majengo ya masista. Wale masista walijenga shule za watu wasio na fedha. Za leo tunauziana jina.

Kipanga wa Uyole
Mzee umetupa somo, lakini walimu lazima walipwe. Sadaka hainunui kemikali za maabara.

Mzee wa Kitambo
Sijasema wasilipwe. Nimesema milioni nne.

Bint Rufiji
Basi kama hoja ni hiyo, kwa nini asisubiri serikali impangie? Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne imefutwa tangu 2016, na mtoto "mwenye akili" anaweza kupangwa Kilakala, Msalato au Tabora Girls. Hizo nazo zina majina. Baba unakimbilia kulipa kabla hujaona matokeo ya darasa la saba.

Msambaa_Asilia
Asipopangwa je? Nafasi za shule za vipaji maalumu kama hizo ni chache, na usaili wa masista hausubiri matokeo. Akikosa zote mbili anaangukia shule ya kata yenye mwalimu mmoja wa hisabati.

Bint Rufiji
Wa Mama Kulwa alipata 15 kwenye shule ya kutwa. Tusitishane.
Na jambo lingine, mimi Mwislamu nilisoma kwa masista kidato cha tano na sita. Jumapili nilikaa kanisani benchi la nyuma na wenzangu saba, hatukulazimishwa kupiga magoti. Shida ilikuwa Ramadhani: daku hakuna, futari ni makande ya mchana yaliyopoa. Tulivumilia. Nyimbo za misa nazijua zote hadi leo, mama hajui.

Nyota ya Kigamboni
Hadi Kilatini? 😂

Bint Rufiji
Salve Regina naimba nikiosha vyombo.

Mwalimu wa Zamu
Tumrudie mwenye mada. Dar hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, siku nzima ya basi kutoka stendi ya Mbezi. Lushoto unafika Mombo kisha unapanda kona za mlima. Bagamoyo unakwenda asubuhi unarudi mchana. Mtoto wa miaka 13 akiugua saa nane usiku, umbali nao ni sifa ya shule.

Mama Kulwa
Hapo umesema. Na bado hujatuambia kama ni Mkatoliki, kaka.

BabaWawili
Ni Mlutheri. Mimi. Mama yake ni Mkatoliki, mtoto amepata komunyo ya kwanza. Ndiyo maana nyumbani hili jambo lina joto kidogo.

Mzee wa Kitambo
Ahaa. Kumbe swali si la shule.

BabaWawili
Mzee usinichokonoe. Jana usiku nilikaa nikahesabu watahiniwa kama Mwalimu alivyoelekeza. Shule mbili namba hazipishani sana. Moja imenishtua, nitaangalia mwaka mwingine kabla sijasema kitu hapa. Nikamwonyesha mke wangu. Akaniambia fomu ya usaili ameshalipia tangu Jumanne.

Kipanga wa Uyole
Ya shule gani?

Mama Kulwa
Kaka, ya shule gani?

Nyota ya Kigamboni
Ametoka mtandaoni huyo. Jamani, kwani siku hizi tranka la bati bado ni lazima au begi la magurudumu linaruhusiwa? Wangu naye anakwenda bweni Januari.

Msambaa_Asilia
Tranka. Begi panya wanalitoboa wiki ya kwanza. Na kufuli nunua mbili, ufunguo mmoja uache kwa matroni.